Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima hisia za mtu anapocheza gemu

Haya ni maswali ninayoulizwa sana na vijana wanaotengeneza gemu, wanafunzi wa chuo wanaotafuta mada ya utafiti, na hata wenye mabanda ya pleisteshen wanaotaka kujua kwa nini gemu flani inajaza watu na nyingine inakaa tu. Penye mambo mengi nimejibu kwa urefu, pengine nimepita haraka.

Hivi kuna mashine kweli inayojua mchezaji anajisikiaje?

Hamna. Naanza na hili makusudi maana ndo linawapotezea watu hela, mtu ananunua kifaa kimeandikwa kinasoma hisia alafu anakaa anasubiri kimwambie mchezaji kafurahi au kakasirika. Kilichopo ni mashine zinazopima mwili: jasho, moyo, misuli ya uso, mboni ya jicho, umeme wa kichwani. Mwili ukishtuka hivyo vitu vinabadilika na mashine inayaona hayo mabadiliko vizuri tu, ila kama ni hofu, ni raha, ni hasira, au jamaa kakumbuka ghafla kwamba mwenye nyumba anakuja kesho kudai kodi, hilo mashine haijui na haitajua. Unalijua wewe, kwa kuangalia nini kilikua kinatokea kwenye gemu sekunde ile ile na kwa kumuuliza aliyekua anacheza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema amepima hisia za wachezaji muulize vitu vitatu, mwili ulisema nini, gemu lilikua wapi, na mchezaji mwenyewe alisemaje, akikosa kimojawapo basi bado hajapima.

Sasa kama haijui hisia, inapima nini?

Watafiti wengi wa haya mambo wanatumia mchoro ambao James Russell aliutoa mwaka 1980, una mistari miwili tu. Mmoja ni msisimko, yaani mwili umeamka kiasi gani, kuanzia umepoa kabisa mpaka moyo unadunda. Wa pili ni hiyo hali ni tamu au chungu. Hofu na shangwe zote ziko juu kwenye msisimko ila zimekaa pande tofauti za utamu, kuboeka kuko chini upande mchungu, utulivu uko chini upande mtamu. Vifaa vingi vina nguvu kwenye ule mstari wa kwanza, wa pili vinabahatisha.

Na hata mchezaji mwenyewe anaweza asijue msisimko wake umetoka wapi. Kuna utafiti maarufu wa Donald Dutton na Arthur Aron wa mwaka 1974 kule Kanada, wanaume waliovuka daraja la kamba la Capilano, linaloning'inia juu sana na kuyumba, walikutana na dada aliyewauliza maswali akawaachia namba ya simu, na waliopiga baadaye walikua wengi kuliko wale waliovuka daraja la kawaida lisiloyumba. Moyo ulikua unakwenda mbio kwa sababu ya daraja wao wakadhani ni kwa sababu ya dada. Kwenye gemu hii inatokea kila siku, muziki wa kasi na skrini inayotikisika vinaamsha mwili alafu mchezaji anakwambia "aisee hii stori nzuri sana", kumbe stori yenyewe hata hajaisikiliza.

Watu wanaongelea sana jasho la vidole. Linafanyaje kazi?

Viganja na nyayo zina vitezi vya jasho ambavyo vinaamriwa na ule upande wa mfumo wa fahamu unaouandaa mwili kwa pambano au kukimbia. Huwezi kuviamrisha mwenyewe wala huwezi kuvizuia, ndo maana vinapendwa. Unabandika elektrodi mbili, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, unapitisha umeme mdogo ambao mtu hausikii kabisa, unapima ngozi inaupitisha kwa wepesi gani, jasho likiongezeka hata kidogo ambacho jicho halioni, umeme unapita kirahisi zaidi. Kipimo chake ni mikrosimensi.

Kwenye grafu utaona vitu viwili vimechanganyika. Kuna usawa wa chini unaopanda na kushuka taratibu kwa dakika kadhaa, huo unakupa hali ya jumla ya mchezo. Alafu juu yake kuna vilima vidogo vinavyoruka baada ya tukio, adui katokea, goli limeingia, daraja limekatika. Hivyo vilima vinachelewa kati ya sekunde 1 na 3 hivi baada ya tukio, na hapa watu wengi wanachanganya, wanaona kilima wanaangalia skrini ya sekunde ile ile wanakuta mchezaji anafungua menyu, wanaandika menyu inaogopesha. Rudi nyuma kidogo ndo utakuta kilichomshtua.

Alafu usilinganishe namba za watu wawili moja kwa moja. Juma anaweza kukaa kwenye 3 mechi nzima na Asha akaanzia 12 hata gemu halijawashwa, haina maana Asha ana hofu zaidi, ngozi zao tofauti tu. Kila mtu mlinganishe na yeye mwenyewe, mwache akae kimya dakika 5 hivi kabla ya kucheza upate usawa wake wa kuanzia. Na wapo watu ambao ngozi zao hazitoi vilima kabisa, hao kwenye jasho huwapati, usilazimishe.

Mikono yote miwili iko kwenye pedi ya kuchezea gemu, sensa (kile kifaa cha kupimia) naweka wapi?

Swali zuri na wengi hawalifikirii mpaka siku yenyewe. Vitabuni wanasema vidole viwili vya mkono usioutumia sana, sasa mchezaji wa pedi hana mkono asioutumia, kidole gumba kikibonyeza elektrodi inasukumwa na grafu inaruka kama kuna mshtuko wakati ni kitufe tu cha kupiga shuti. Suluhisho ni mguuni, ule upande wa ndani wa unyayo pale kwenye upinde, chini kidogo ya fundo la mguu. Vitezi vya pale vinaitikia karibu sawa na vya kiganja. Mvulishe kiatu na soksi, asioshe mguu dakika hiyo hiyo, bandika, mpe dakika 10 elektrodi zishike vizuri, alafu mwambie mguu utulie. Watu wana tabia ya kutikisa goti wakicheza, ukiweka kigoda kidogo chini ya kisigino goti linatulia lenyewe bila kumsumbua kwa maneno.

Kwa gemu za simu ni hivyo hivyo, mguuni. Kwa gemu za maus kwenye kompyuta pia mguuni, maana mkono wa pili uko kwenye kibodi.

Dar joto hili, jasho si litakua la joto tu?

Sio Dar tu, Mombasa, Tanga, Zanzibar, kote pwani ni shida. Viganja na nyayo vinaitikia zaidi hisia kuliko joto lakini joto likizidi na unyevu wa hewa ukiwa juu usawa wa chini unapanda kwa kila mtu na vile vilima vinamezwa, unapata grafu imejaa mpaka juu haina kitu cha kusoma. Kama una kiyoyozi weka kwenye nyuzi 23 au 24 na usikibadilishe katikati ya kazi. Kama huna, pima asubuhi mapema, tumia feni ila isimpulize mguuni wala usoni, na andika joto la chumba kila mchezaji anapoanza. Usimpime aliyetoka kushuka kwenye daladala sasa hivi, mpe maji, mwache apoe, piga naye stori. Na kama umeme unakatika katika tumia laptopu na sensa zenye betri, maana feni ikizimika ghafla katikati ya mechi grafu yote ya baada ya hapo ni ya joto.

Na mapigo ya moyo? Saa janja si inatosha?

Inatosha kwa mambo makubwa makubwa. Saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita, alafu inakupa wastani wa sekunde kadhaa, kwa hiyo utaona kwamba dakika za mwisho za mechi moyo ulipanda lakini hutaona ni penalti ipi iliyompandisha. Mkono ukitikisika inapotea. Ukitaka kila pigo lilivyo tumia mkanda wa kifuani, Polar H10 unatumika sana kwa sababu unatuma muda kati ya pigo na pigo kwa bluetooth na programu nyingi zinaupokea.

Ila moyo una mtego wake. Mtu akishtuliwa na kitu akakazia macho kukiangalia, moyo mara nyingi unapunguza kasi kwanza. Kwa hiyo moyo kushuka sio lazima kaboeka, anaweza kua ndo amezama kuliko dakika zote. Alafu moyo unabebeshwa mambo mengine kibao: kahawa, sigara, enaji drinki, kupanda ngazi, hata kuongea. Kile kipimo cha moyo kubadilika badilika kati ya pigo na pigo kinataka vipande virefu, kawaida dakika 5, hakifai kwa tukio la sekunde mbili. Mimi nikilazimishwa kuchagua kimoja nachagua jasho la mguuni, moyo naweka wa pili.

Uso je? Mtu akitabasamu si kafurahi?

Hapa ndo panaponivutia kuliko kote. Kuna vibandiko vidogo vinavyopima umeme wa misuli ya uso, shavuni msuli unaovuta mdomo kwenye tabasamu, na juu ya nyusi msuli unaokunja paji. Vinanasa hata tabasamu ambalo halijaonekana kwa macho, na tofauti na jasho hivi angalau vinakupa fununu ya utamu na uchungu.

Niklas Ravaja na wenzake kule Finland waliwabandika watu vibandiko hivyo wakacheza Super Monkey Ball 2, lile gemu la kumuongoza nyani aliye ndani ya mpira juu ya ubao bila kudondoka. Kila mtengeneza gemu angesema nyani akidondoka mchezaji ataudhika. Misuli ikasema kinyume, nyani akitumbukia nje ya ubao misuli ya tabasamu ilipanda na ya kukunja paji ikashuka. Walipoonyeshwa marudio ya kudondoka, wakiwa wanaangalia tu bila kushika pedi, ile raha haikuwepo. Yaani kushindwa wakati wewe ndo unaendesha ni kutamu kwa namna flani, kushindwa unakokaa kukitazama sio. Fikiria ni gemu ngapi zinamlazimisha mchezaji kuangalia kifo chake kwa sekunde 8 bila kitufe cha kuruka!

Mwaka 2008 wakatoa utafiti mwingine kwa gemu la James Bond liitwalo NightFire. Mchezaji akimjeruhi au kumuua adui jasho lilipanda lakini misuli ya tabasamu ilishuka, na mhusika wake mwenyewe akifa ile ya tabasamu ilipanda. Ungeuliza watu kwa mdomo tu usingepata hiyo, na ungepima jasho tu ungeona msisimko ukasema wanafurahia kuua. Ndo maana nasisitiza vipimo zaidi ya kimoja.

Shida ya vibandiko ni kwamba mtu akiongea, akitafuna bazoka au akipiga kelele data inaharibika, na wachezaji wetu wa hapa kukaa kimya ni mtihani mkubwa.

Kuna programu za kamera zinazosema "furaha asilimia 80". Nizitumie?

Kwa kuhesabu mara ngapi mtu ametabasamu au ameinua nyusi, sawa, hiyo ni misuli na inaonekana. Kwa kusema amefurahi, hapana. Programu hizi zinaegemea mpangilio wa misuli ya uso ambao Paul Ekman na Wallace Friesen waliutoa mwaka 1978, mpangilio mzuri sana wa kueleza uso umefanya nini. Kuruka kutoka hapo kwenda kwenye hisia ndo tatizo. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mno na wakaona uso peke yake hauaminiki kutoa hisia, mtu akikasirika mara nyingi hakunji uso, na akikunja uso mara nyingi hajakasirika. Mchezaji aliyezama kwenye gemu ana uso mkavu kabisa, kamera itaandika huzuni au hamna kitu, kumbe ndo utamu wenyewe.

Na kwetu sisi watu weusi kuna la ziada. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa uso, wakakuta zinakosea kwa wanawake weusi mpaka asilimia 34.7 wakati kwa wanaume weupe kosa halikufika hata asilimia 1. Mwaka huo huo Lauren Rhue alichukua picha za wachezaji wa kikapu wa NBA akazipitisha kwenye programu za hisia, zikawapa wachezaji weusi hisia mbaya zaidi kuliko weupe, hata pale tabasamu zilipokua zinalingana. Microsoft wenyewe mwaka 2022 walitangaza wanaondoa kipengele cha kukisia hisia kwenye huduma yao ya uso. Sasa kama mwenye kitu amekitoa wewe unakishika cha nini.

Kofia ya kupima ubongo?

Ni kitu kizuri kwenye maabara, kwenye banda la gemu ni mateso. Umeme wa ubongo ni mdogo sana, kupepesa jicho na kubana taya vinaufunika kabisa, na mchezaji anapepesa na kubana taya muda wote. Vile vikofia vya bei nafuu vinavyosema vinakupa "umakini" na "utulivu" kama namba moja, hawakuelezi namba imetengenezwa vipi, na kitu ambacho hukijui kimetengenezwaje huwezi kukitetea mbele ya mtu.

Kuna jambo la nywele pia ambalo naliona kubwa. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na kofia nyingi zimetengenezwa kwa nywele zilizolala. Kwa nywele zetu, misuko, rasta, watu wanaishia kutupwa nje ya utafiti au kuombwa wafumue. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Marekani, alibuni vibanio vinavyoshika elektrodi katikati ya mistari ya misuko, kichwa kinasukwa twende kilioni kufuata mpango wa elektrodi na mambo yanakaa sawa. Kama unataka kazi ya kubuni kifaa, upande huu bado una nafasi kubwa.

Sina hela ya sensa hata moja. Naweza kufanya kitu cha maana?

Tena kikubwa. Ukiniambia nichague kati ya sensa ya bei mbaya bila video na video bila sensa, nachukua video. Fanya hivi. Rekodi skrini ya gemu, na kwa simu ya pili rekodi uso na mikono ya mchezaji, sauti ikiwepo. Kabla hajaanza piga kofi moja mbele ya simu wakati huo huo unabonyeza kitufe kinachotoa mlio kwenye gemu, hilo kofi ndo litakusaidia kuzipanga video mbili zikae pamoja baadaye. Mwache acheze bila kumwongelesha. Usimuulize katikati "unajisikiaje", utamtoa mchezoni, na kuongea kwenyewe kunabadilisha moyo na kupumua.

Akimaliza, ndani ya dakika chache, mwekee video yake aangalie na mpe kitu cha kusogeza juu na chini, hata kidole juu ya mstari uliochora kwenye karatasi ukirekodiwa, juu ni msisimko mkubwa chini ni kupoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Malta wana mfumo wa bure kwenye intaneti unaitwa PAGAN unaofanya hii kazi vizuri, mtu anaangalia video huku anabonyeza juu au chini na mstari unajichora. Pale mstari ulipobadilika ghafla, simamisha video, muulize "hapa ilikuaje?" na unyamaze. Unyamaze kweli. Jibu la kwanza la mtu huwa la heshima, "ah ilikua poa tu", la pili ukisubiri sekunde tano ndo la ukweli.

Wakati huo huo gemu lenyewe liandike kumbukumbu: kafa saa ngapi, kajaribu mara ngapi, kasimamisha wapi, kazima wapi. Hiyo haina gharama kama wewe ndo umeandika programu ya gemu. Ukiongeza hela kidogo baadaye, kuna sensa ya jasho ya Grove inayochomekwa kwenye Arduino, kile kisakiti kidogo cha kujifunzia elektroniki, sio ya kuandikia makala ya kisayansi lakini inakufundisha grafu inavyokaa.

Dodoso lipi ni zuri?

Inategemea. Kwa watoto na watu wasiopenda kusoma maneno mengi napenda lile la vikatuni la Margaret Bradley na Peter Lang la mwaka 1994, kuna kimtu kinabadilika kutoka kununa mpaka kucheka, kingine kutoka kusinzia mpaka kulipuka kifuani, kingine kutoka kidogo mpaka kikubwa kuonyesha nani ana udhibiti. Mtu anaweka alama tu, na hicho cha tatu kinasahaulika wakati kwenye gemu ndo muhimu kweli, kujisikia kwamba unaendesha au unaendeshwa.

Ila kumbuka watu hawakumbuki wastani. Daniel Kahneman na wenzake walionyesha kwamba tunachobaki nacho ni ile sehemu kali kuliko zote na mwisho wake. Mechi ya dakika 20 ikiisha kwa goli la dakika za majeruhi, dodoso lote litanukia hilo goli. Kwa hiyo uliza steji kwa steji kama unaweza. Na badala ya kumwambia atoe alama 1 mpaka 7, muulize kati ya steji hii na ile ipi ilimkamata zaidi, kulinganisha watu wanaweza, alama kila mtu ana yake. Georgios Yannakakis wa hapo hapo Malta ameipigia debe hii hoja miaka mingi na mimi nakubaliana naye kabisa.

Nipime watu wangapi?

Kama unatafuta sehemu gani ya gemu lako imekwama, watu sita saba wa kundi unalolilenga wanakutosha kuanza, rekebisha, leta wengine. Kama unataka kusema kitu kuhusu wachezaji kwa ujumla hao hawatoshi kabisa, hapo ongea na mtu wa takwimu kabla hujampima mtu wa kwanza, sio baada.

Hapa kwetu watu wanacheza wakiwa kundi, wanapiga kelele. Nimpime mtu peke yake chumbani?

Mpime anavyocheza. Regan Mandryk na Kori Inkpen kule Kanada waliwapima watu wakicheza gemu la magongo la NHL 2003, mara dhidi ya kompyuta, mara dhidi ya rafiki aliyekaa pembeni, na jasho lilikua juu zaidi na rafiki, gemu ni lile lile. Rafiki ni sehemu ya gemu. Nenda banda lolote Manzese au Eastleigh uone mtu anafungwa goli la tatu huku nyuma yake wamesimama watu wanamzomea na mwingine kashika jero mkononi anasubiri zamu, ukimtoa pale ukamweka kwenye chumba kimya chenye kiyoyozi umepima mchezo mwingine kabisa. Kinachokuumiza ni kwamba kelele zinaharibu vipimo vya uso na moyo, kwa hiyo kundi likiwepo tegemea jasho la mguuni na video, na andika nani kaingia nani katoka.

Gemu inaweza kujirekebisha yenyewe kufuata hisia?

Imeshajaribiwa sana. Left 4 Dead, gemu la mazombi la kampuni ya Valve la mwaka 2008, lina mwongozaji wa ndani anayekisia mchezaji amebanwa kiasi gani kwa kuangalia anavyoumizwa na maadui walivyo karibu, ikizidi anapunguza mazombi mpaka watu wapumue. Hapo hakuna sensa, ni makisio tu na yanafanya kazi vizuri ajabu. Baadaye Mike Ambinder wa Valve mwaka 2011 alielezea majaribio ya kuweka jasho halisi badala ya makisio, na mengine kwenye gemu lao lingine Alien Swarm ambapo mchezaji akipata wasiwasi saa ya gemu inakimbia zaidi, akitulia inarudi kawaida. Nevermind, gemu la kutisha la mwaka 2015, lilitoka kabisa sokoni likiwa linasoma mapigo ya moyo, ukiogopa linakua gumu, unalazimika kujifunza kujituliza.

Upande wa pili Nintendo walitangaza sensa ya kidole kwa ajili ya Wii, mashine yao ya gemu, mwaka 2009, haikutoka, na mwaka 2013 bosi wao Satoru Iwata alisema kifaa kilikua kinawafaa kama watu 90 kati ya 100 tu na hilo halikuwatosha kuuza. Naliheshimu sana hilo jibu. Ukiuza gemu inayotegemea mwili wa mtu, yule mmoja kati ya kumi kanunua kitu kisichomtambua.

Wazazi wanauliza: hivi vipimo vinaonyesha gemu zinawafanya watoto kua wakali?

Vinaonyesha msisimko, na msisimko sio ukali. Andrew Przybylski na Netta Weinstein mwaka 2019 waliangalia vijana kama 1,000 wa Uingereza wa miaka 14 na 15 na hawakupata uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na tabia ya ukali. Kinachopandisha hasira kwenye gemu mara nyingi ni kitu kingine. Mwaka 2014 Przybylski huyo huyo na wenzake walitoa majaribio ambayo moja lilitumia Tetris, gemu la matofali lisilo na damu hata tone, wakalifanya liwe linampa mchezaji matofali yasiyomfaa, na watu wakatoka na hasira. Kunyimwa uwezo ndo kunakoudhi, vitufe visivyoitika, maelezo yasiyoeleweka, intaneti inayokatika ukiwa unaelekea kushinda. Mtoto akirusha pedi angalia kwanza kama gemu lilikua linamsikiliza.

Sheria zinasemaje? Si ni mtu kakubali tu kucheza?

Kukubali kucheza sio kukubali kupimwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya mwaka 2019, na zote zinazibeba taarifa za afya kama taarifa nyeti. Mapigo ya moyo ya mtu mwenye jina lake ni ya afya, usijidanganye kwamba ni namba za gemu. Mwambie kwa lugha anayoielewa unapima nini, utakaa nayo muda gani, nani ataiona, na kwamba anaweza kubandua sensa akaondoka dakika yoyote na hela ya nauli anapewa vile vile. Mtoto, mzazi akubali, na mtoto mwenyewe pia akubali. Data weka kwa namba sio jina. Ulaya wameenda mbali zaidi, sheria yao ya akili bandia tangu Februari 2025 inakataza kutumia mifumo ya kukisia hisia za watu makazini na mashuleni, isipokua kwa sababu za afya au usalama.

Kuna ombi moja ambalo nalikataa kila likija: kutumia vipimo kujua ni sekunde ipi mchezaji amekata tamaa ili umuuzie maisha ya ziada hapo hapo, au kwenye gemu za kubeti kujua lini ameshalainika aongeze dau. Vijana wetu wanaumia vya kutosha na mashine za kubeti za mitaani. Ukipima hisia za mtu umeshika sehemu yake dhaifu kabisa na hajui umeishika.

Nimuonyeshe mchezaji grafu yake?

Muonyeshe, ni mwili wake, na watu wanapenda mno kuiona. Ila iwe baada ya kuangalia video na kusema yote aliyonayo, maana akiiona mapema ataacha kukueleza alivyojisikia ataanza kuielezea grafu, kilima kikubwa atakitafutia sababu hata kama hakuna, na pale grafu ilipokaa bapa atakwambia palikua hamna kitu wakati labda ndo pale alipokua anacheka kimoyomoyo. Mwisho muulize anataka ifutwe au ibaki, akisema ifutwe ifute mbele yake.